Tupeane uzoefu: mliosafiri kwenda mji mwingine kuangalia mechi ya hoki ya barafu

Mama Rukia, Ottawa
Habari za jioni wapendwa. Jana nilikuwa natoa makoti ya baridi kabatini, nikaingiza mkono mfukoni mwa koti la Rukia, nikakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Amechora uwanja wa barafu na viti vyake, na kiti kimoja amekipaka rangi nyekundu. Namuuliza hiki cha nani, ananiambia, "Changu mama, siku tutakayokwenda Montreal." Mtoto ana miaka 11, ni kipa kwenye timu ya wasichana hapa mtaani. Tangu mwaka jana anaomba tu kuwaona Canadiens, timu ya Montreal, na mimi namwambia mwakani, mwakani. Hiyo karatasi imenichoma. Nataka tuende wikiendi moja mwezi wa 12. Mliokwenda, nielezeni: usafiri, pa kulala, viti, chakula, nguo. Mie nimekulia Tanga, barafu nilikuwa naijua ya kwenye glasi.

Baharia wa Lamu
Dada, Montreal nimekaa miaka 9. Panda treni Ottawa, saa mbili hivi umefika Gare Centrale, kituo kikuu. Usitoke nje hata kidogo. Pale chini kuna njia za kupita kwa miguu mpaka kituo cha metro cha Bonaventure, na kutoka hapo mpaka Bell Centre kwenyewe, ukumbi wa Canadiens. Baridi utaisikia kwa watu tu. Ukilala mbali, panda metro ya rangi ya machungwa ushuke Lucien-L'Allier, uko mlangoni. Gari liache nyumbani, kupaki usiku wa mechi ni adhabu.

Nyakundi254
Nakubaliana na Baharia. Gari liache.

Bi Zuhura, Laval
Mama Rukia mwanangu, kuhusu sala usiwe na wasiwasi. Mwezi wa 12 huku Maghribi inaingia kabla ya saa kumi na moja, na Isha karibu saa kumi na mbili. Mechi za jioni nyingi zinaanza saa moja. Mnasali zote mbili mlikofikia ndipo mnatoka. Chakula mleni kabla. Soseji za mle ndani siziamini, na zile chipsi zao za jibini ni tamu lakini mchuzi wake ulizeni kwanza umetengenezwa kwa nini. Mimi humtilia mjukuu sambusa mfukoni.

Kaka Chris
Sambusa hawaruhusu, bibi.

Bi Zuhura, Laval
Mtoto hawezi kukaa saa tatu na njaa.

Kaka Chris
Kweli, karibu saa tatu. Vipindi vitatu vya dakika 20, na saa inasimama kila mchezo ukisimama, halafu mapumziko mawili marefu ya kusafisha barafu. Mama Rukia, kiti chukua cha chini karibu na kioo kinachozunguka barafu. Mtoto ni kipa, anahitaji kumwona kipa anavyosogeza miguu. Juu ataona sisimizi.

Nyakundi254
Hapo sikubali. Kaka Chris usimwingize mama wa watu kwenye gharama. Hoki si mpira wa miguu. Ukiwa chini, mchezo ukienda upande wa pili huoni kitu, vioo na mabega ya watu vinakuziba. Juu unauona uwanja mzima, unaona jinsi wanavyopanga mashambulizi. Mimi hukaa safu ya mwisho kabisa, na ndiko nilikojifunza mchezo.

Kaka Chris
Ulijifunza mchezo kwa mbali ndiyo maana hujui sauti yake. Mtu akibamizwa ukutani mbele yako unasikia kifuani.

Nyakundi254
Na kile kisahani wanachokipiga kikiruka? Ule wavu unaouona nyuma ya magoli haukuwapo zamani. Ligi yao, NHL, iliulazimisha kuanzia msimu wa 2002 baada ya msichana wa miaka 13 kupigwa nacho kichwani akiwa jukwaani, akafariki siku mbili baadaye. Kisahani kile ni cha mpira mgumu uliogandishwa. Pembeni hakuna wavu mpaka leo, kuna kioo tu. Mtoto akikaa chini, mwambie asiangalie simu mchezo ukiendelea.

Mama Rukia, Ottawa
Ewe Mola. Basi juu.

Otieno wa Indianapolis
Mmenikumbusha mbali. Mwaka 2014 nilimchukua mke wangu tukaendesha saa tatu hadi Chicago kwa sababu ya jina moja tu: Oduya. Johnny Oduya, beki, amezaliwa Stockholm, mama Mswidi, baba Mkenya. Mwaka 2013 alikuwa ameshachukua kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, na Blackhawks, timu ya Chicago, na 2015 akalichukua tena. Mimi sikuwahi kuangalia hoki maishani. Mke wangu aliuliza, "Unaenda kumwangalia mtu usiyemjua kwenye mchezo usioujua?" Nikamwambia jina lile nalijua.

Wajameni, wimbo wa taifa pale United Center hausikilizwi kimya. Ukumbi mzima unapiga kelele tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, watu kama 20,000. Mke wangu alinishika mkono. Halafu nikaliona jina mgongoni kwa mtu, herufi tano, O-D-U-Y-A, linapita kwa kasi juu ya barafu. Nilisimama nikaita kwa Kijaluo. Mzungu wa nyuma yangu akaniomba nimfundishe kulitamka vizuri. Mpaka mwisho wa kipindi cha pili safu nzima ilikuwa inalitamka sawasawa.

La faida kwa wanaosafiri: Chicago iko nyuma ya Indianapolis kwa saa moja. Tulifika mapema tukajikuta tuna saa nzima ya kupumzika. Kurudi ndiko saa hiyo unailipa, na ni usiku. Laleni huko huko.

Wambo_Toronto
Otieno umenitoa machozi. Hata mimi mapenzi yangu yalianzia Nairobi, kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Kale kauwanja ni kadogo kuliko kipimo cha kawaida, lakini Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, wamelelewa pale. Mwaka 2018 walipoletwa Kanada na wakavaa jezi kamili, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL, wakaingia kucheza upande wao, tuliangalia video ile ofisini tukarudia na kurudia.

Ila kuhusu Toronto nina kidonda. Binamu yangu alikuja kutoka Nakuru, nikanunua tiketi mbili kwa mtu mtandaoni, akanitumia picha za msimbo. Mlangoni mashine ikawaka nyekundu. Viti vyangu vilikuwa na watu tayari. Binamu amevaa skafu ya bluu, ameshapiga picha na kuwatumia nyumbani. Tulirudi kituo cha treni cha Union kwa miguu hatusemeshani. Siku ya pili nikampeleka jumba la kumbukumbu za hoki, kona ya Yonge na Front, lile jengo la benki la 1885, akapiga picha na kombe la Stanley bila kioo katikati. Alifurahi. Mimi bado inaniuma.

Kaka Chris
Picha ya skrini si tiketi. Ihamishiwe kwenye simu yako kwa programu rasmi, uione kwa jina lako kabla hujatoka nyumbani.

Nyakundi254
Hapo nakubaliana na Chris, na ni mara ya kwanza leo.

Mwana wa Fizi, Dayton
Nilikuwa sitaki kuandika. Nimesoma habari ya kelele za Chicago, nikaona niandike, kwa sababu kuna wenye wazee nyumbani.

Sisi ni wa Fizi, Kivu ya Kusini. Tulikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, tukaletwa Ohio 2016, na baba akaja na sisi. Mzee alipenda sana hoki ya kwenye televisheni. Hasemi Kiingereza, na alisema huu mchezo hauhitaji lugha, unaona mtu anakimbilia kitu, unaelewa. Alipofikisha miaka 70 nikapanga safari ya Columbus, siku mbili. Asubuhi tulitembea kando ya mto, mchana tukala wali na mbuzi kwa Wasomali, jioni mechi. Baba, mimi, na mwanangu wa miaka 5. Nilimnunulia baba kofia ya timu, akaivaa juu ya kofia yake.

Pale Columbus kuna mzinga. Mzinga wa kweli wa mtindo wa zamani, umewekwa kwenye kona ya jukwaa. Unapigwa timu ikiingia kwenye barafu, unapigwa kila wakifunga, unapigwa wakishinda. Wenyeji wanaupenda, na watoto wanakuja kupiga nao picha. Mimi nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeuona kwenye televisheni mara nyingi, lakini kwenye televisheni ni kishindo kidogo tu, na sikuwaza.

Niliwaacha kwenye viti nikaenda kununua chai. Taa zikazima. Nikiwa kwenye foleni nikasikia bumu, ukuta ukatetemeka. Vikombe nikaviacha pale pale nikakimbia. Nilipofika kwenye safu yetu sikumwona mtu. Viti vitupu. Halafu nikaona kofia ya baba sakafuni, na baba mwenyewe chini kati ya viti, amemlalia mtoto, na mkono wake umeziba mdomo wa mtoto.

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 6. Tulilala msituni, askari wakapita karibu, na baba aliniziba mdomo hivyo hivyo, kwa mkono huo huo, vidole viwili chini ya pua ili nivute pumzi. Nilipoona vile vidole viwili, miguu iliniisha.

Mtoto hakulia. Alikuwa anamwangalia babu yake tu. Mama mmoja mzee Mzungu wa safu yetu alishuka akakaa sakafuni, hakumgusa baba wala kusema neno, alikaa tu upande wa wazi ili watu wasipite. Nikamwita baba kwa jina lake la nyumbani. Aliniuliza, "Wanapiga kutoka wapi?" Nikamwambia, baba, ni mchezo, wanashangilia. Akasema, "Ungeniambia."

Ndilo neno lake pekee. Ungeniambia.

Bi Zuhura, Laval
Pole mwanangu. Pole kwa mzee. Mungu amtulize.

Otieno wa Indianapolis
Pole sana ndugu. Nimeacha kula.

Mkweli Daima
Samahani lakini hapa kosa ni lako. Mzee aliyekimbia vita unampeleka kwenye mzinga? Hukufikiri?

Wambo_Toronto
Mkweli, mtu amesema mwenyewe hakuwaza. Unamwongezea nini?

Mkweli Daima
Naongeza ili mwingine asirudie.

Baharia wa Lamu
Ungesema hivyo bila kumchoma. Kaka alikuwa anamfurahisha baba yake.

Mwana wa Fizi, Dayton
Muacheni. Kosa nalikubali, ndiyo maana nimeandika.

Nyakundi254
Ndugu, mlirudi nyumbani usiku ule?

Mwana wa Fizi, Dayton
Hapana. Tulitoka mpaka kwenye korido, kuna televisheni pale. Baba aliketi na mtoto mapajani. Nikamweleza kila kitu: uko wapi, unapigwa lini, nani anaupiga. Akataka kuuona. Wakati wa mapumziko tukapanda mpaka karibu, akausimamia muda mrefu akiwa amefunga mikono nyuma. Kisha akasema tukae koridoni, tuangalie humo. Wenyeji walifunga mara mbili. Mara zote mbili aliona kwenye televisheni kabla, akamziba mtoto masikio mwenyewe.

Mama Rukia, Ottawa
Nimelia. Nashukuru umeandika, kaka. Mama yangu atakuja kwetu mwezi huo wa 12 na nilitaka kumchukua twende wote. Hajaona vita, lakini moyo wake una presha. Montreal kuna mzinga?

Kaka Chris
Mzinga hakuna. Kuna king'ora wakifunga, na mwanzo taa zinazimwa na muziki ni mkubwa. Wanunulie wote vizibo vya masikio, vile vya sponji, duka lolote la dawa.

Nyakundi254
Mama mwenye presha mwache hotelini na chai yake.

Bi Zuhura, Laval
Mama mwenye presha mleteni kwangu Laval. Mnashuka Montmorency, nitakuja kumpokea. Tutaangalia kwenye televisheni na sauti tutaipunguza.

Wambo_Toronto
Dada, kuna na njia nyingine. Mtoto ni msichana na ni kipa, umefikiria ligi ya wanawake? Ilianza Januari 2024. Montreal wana timu, na Aprili mwaka ule walicheza na Toronto hapo hapo Bell Centre, watu 21,105, ukumbi ukajaa. Tiketi zao kwa kawaida ni nafuu kuliko za wanaume, na baada ya mechi wachezaji wanakuwa karibu na watoto.

Kaka Chris
Mtoto ameomba Canadiens. Mpe alichoomba. Makombe 24, hakuna timu yenye mengi zaidi.

Wambo_Toronto
La mwisho la 1993, Chris.

Kaka Chris
Na nyinyi Toronto la mwisho 1967.

Baharia wa Lamu
Mkianza hivyo tutakesha. Mama Rukia, ushauri wangu: epuka Jumamosi, na epuka siku Toronto wanapokuja, bei zinapaa. Tafuta Jumanne au Alhamisi. Ukifika, mwonyeshe mtoto jezi zilizotundikwa juu ya uwanja. Na mwambie habari za Willie O'Ree. Mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi ile, tarehe 18 Januari 1958, alivaa jezi ya Boston, lakini barafu aliyoikanyaga ilikuwa ya Montreal, kwenye ukumbi wa zamani, Forum. Mji ule ule atakaokwenda.

Mama Rukia, Ottawa
Nimemwonyesha Rukia mazungumzo haya, isipokuwa ya kaka wa Dayton, hayo nitamweleza mwenyewe polepole. Amesoma la O'Ree mara mbili. Ameniambia tuende zote mbili, Canadiens mwezi wa 12 na wanawake baadaye. Nimepata tiketi mbili, Alhamisi, juu, nyuma ya goli. Zimeshaingia kwenye simu kwa jina langu. Bi Zuhura, mama atakuja kwako, anauliza akuletee nini.

Bi Zuhura, Laval
Aje na mkono mtupu. Ila kama anatokea Tanga, machungwa makavu na hiliki siwezi kukataa.

Msafiri_Goma
Nimechelewa kuona. Na Edmonton je? Nina mkutano kule mwezi wa 1, nimebakiwa na jioni moja.

Nyakundi254
Treni ya mjini, shuka MacEwan, ukumbi uko hapo hapo. Vaa kila ulicho nacho.