Seti ya chai ya marehemu bibi, jamaa ataka kabati zima kwa elfu kumi na tano

BintiMkomani (Lamu)

Asalaam aleikum wanajamvi, nisaidieni kabla sijafanya ujinga. Bibi yangu mzaa mama alitutoka mwaka jana, Mola amrehemu, nyumba yake iko hapa Mkomani na paa la nyuma lavuja, sasa wajomba wamekaa wakaamua vyombo vya kabatini viuzwe pesa ziende kwenye paa, kazi wakanitwika mimi kwa kuwa eti ndio mwenye simu nzuri. Juzi akaja jamaa mmoja hununua vitu vya zamani, akatazama dakika tano hata hakukaa, akasema kabati zima elfu kumi na tano na punda wa kubebea ni juu yake. Akaongeza kwamba ile seti ya chai haina bei kwa sababu buli la kumiminia chai halipo, seti bila buli ati ni mkeka ulioliwa na panya. Mama akanikonyeza nikasema tutafikiria.

Vilivyomo ni hivi. Seti yenyewe ya mawaridi mekundu, ya manjano na ya pinki, ukingo wa dhahabu, chini imeandikwa Royal Albert, Bone China, England, mama asema D.C. wa Kizungu, yaani mkuu wa wilaya, alimpa babu wakati wa vita vya pili vya dunia. Sahani saba za buluu zenye daraja na ndege wawili juu, mjomba asema za Kichina. Kombe moja kubwa jeupe lilipasuka zamani likashonwa nyuma kwa pini za shaba. Vijiko kumi na moja vimeandikwa EPNS, mjomba huyo huyo asema fedha tupu. Na bakuli moja la maua mekundu na kijani ya kugongwa gongwa kama muhuri, chini kuna mnyama kalala kama simba lakini kichwa cha mtu, hilo sisi twatilia unga wa mahamri.

Vipi nitajua kipi ni kipi? Na hiyo elfu kumi na tano ni haki ama?

Baharia_Mdogo (Mombasa)

Uza tu dadangu, mvua haingoji. Vyombo huvunjika, bati haivunjiki.

MzeeWaVikombe (Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu, poleni na msiba. Huyo Baharia msamehe hajawahi kuuza kitu akajuta. Mimi nimeokota na kuuza vikombe hapa Malindi tangu wale Waingereza waliokuwa na nyumba za baharini wakiuza vitu wakirudi kwao, na nilichojifunza kwa hasara ni kwamba mtu akikupa bei ya kabati zima ujue kashaona kimoja anachokitaka, vingine vyote ni ganda tu la kufunikia. Dakika tano zilimtosha.

Sasa hilo la buli. Hebu nenda ukahesabu. Seti ya chai ya Kiingereza ya kawaida ni vipande 21, yaani vikombe 6, visahani vyake 6, visahani vya keki 6, kijagi cha maziwa, kibakuli cha sukari na sahani moja kubwa ya keki. Buli HALIMO. Buli lilinunuliwa mbali kwa pesa zake, kwa hiyo wengi waliopewa seti ya harusi hawakuwahi kuwa nalo tangu siku ya kwanza. Anayeuza na kununua vyombo hivi kazi yake ni kulijua hilo, sasa wewe amua mwenyewe kwa nini alikwambia vile.

Mawaridi hayo yaitwa Old Country Roses na yalitoka mwaka 1962. Mama asinichukie lakini hakuna D.C. aliyempa babu wakati wa vita, labda D.C. wa mwisho mwisho aliyekuwa akifunga mizigo ya uhuru. Tena wakati wa vita na mpaka 1952 viwanda vya Uingereza vilikatazwa kuuza vyombo vya maua kwa watu wao wenyewe, wao walinywea vyeupe vitupu na vya mapambo vikapelekwa nje vilete pesa. Dizaini yenyewe si adimu hata kidogo, imeuzwa dunia nzima, bei yake iko katika ukamilifu wa seti na dhahabu isiyochubuka. Ila hilo neno England ni zuri kwako, manake miaka ya 2000 kazi ya Royal Albert ilihamishiwa Indonesia na wanaotaka vya zamani kitu cha kwanza hugeuza chini.

Na wewe pia jifunze kugeuza chini. England peke yake huanza kuonekana sana kuanzia 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilitaka bidhaa ionyeshe nchi ilikotoka, na Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Ukiona alama ya almasi yenye herufi herufi pembeni hiyo ni ya kusajili dizaini, 1842 mpaka 1883, halafu 1884 wakaanza kuandika Rd No na nambari, lakini nambari hiyo ni ya kusajiliwa mchoro si ya kuchomwa kikombe, kikombe chenyewe chaweza kuwa kilichomwa miaka ishirini baadaye. Na mwaka ulioandikwa wazi wazi ndio usiuamini kabisa, kuna bwana alinipigia simu saa tano usiku ana kikombe cha Wedgwood cha 1759, nikamwambia lala, huo ni mwaka kampuni ilipoanza.

Vijiko, mwambie mjomba pole. EPNS ni madini meupe yaliyopakwa fedha juu. Fedha yenyewe ya Kiingereza ina kisimba kidogo kinachotembea, na pembeni yake alama ya mji, nanga ikiwa Birmingham, kichwa cha chui ikiwa London.

Sahani za daraja nazo ni za Kiingereza na hata ile hadithi ya wapenzi waliogeuka ndege walitunga Waingereza wenyewe ili ziuzike. Viwanda vingi vilizitengeneza kwa hiyo tazama jina. Ule mchoro ulichapwa kwa karatasi ikabandikwa juu ya udongo, sasa fuata ukingo kwa kidole pole pole, mahali fulani utaona maua hayakukutana sawa, kama kanzu iliyoshonwa na fundi mwenye haraka. Hapo ndipo karatasi ilipoungwa. Mimi hupapenda mahali hapo kuliko ndege wote wawili.

Bakuli la unga LITOE UNGA YEO HII kwa lugha yenu ya Kiamu! Huyo mnyama wa kichwa cha mtu ni alama ya kiwanda cha Petrus Regout, Maastricht, nchi ya Uholanzi. Hawa walitengeneza mabakuli ya rangi kali kali yakaletwa pwani yetu kwa wingi karne ya 19, mengi yaliyokaa kwenye zidaka za mabibi, vile vishubaka vya ukutani, yakiitwa ya Kiingereza ni ya hawa Waholanzi. Nataka kuamini hilo ndilo lililomfanya jamaa asikae.

ShangaziWaShela

Mzee kasema yote lakini hakusema kuosha na hapo ndipo watu huua vyombo. Mwanangu usije ukatia dawa ya madoa ya nguo nyeupe. Mimi nilikuwa na sahani ya mamangu ya udongo wa kawaida, ile yenye nyufa nyufa ndogo kwenye mng'aro kama ngozi ya mkono wa mzee, chai ilikuwa imeingia ndani imekuwa hudhurungi, nikailoweka usiku kucha asubuhi ikatoka nyeupe nikafurahi nikapiga picha nikawatumia watu. Kama mwezi baadaye mng'aro ukaanza kubanduka vipande vipande na chini yake chaki, sahani yote ikawa inapukutika kabatini yenyewe bila kuguswa. Nililia wallahi. Maji vuguvugu na sabuni kidogo, doa la chai ndani ya kikombe sugua kwa bikaboneti ya kupikia kwa kidole si kwa brashi, na penye dhahabu usisugue kabisa. Na hivyo vya dhahabu visiingie kwenye maikrowevu, cheche zake utadhani Idi.

Kombe la pini usiling'oe pini. Watu walishona vyombo zamani kwa sababu kilikuwa na thamani kwao na kuna wanaotafuta hasa vya kushonwa.

ZidakaTupu (Lamu)

Naongeza moja ambalo wauzaji hawapendi lisemwe. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 yasema kitu chochote cha kubebeka kilichotengenezwa ama kuingizwa Kenya kabla ya 1895, ukitoa vitabu na hati, ni kitu cha kale, kukifanyia biashara kwataka leseni na kukitoa nje ya nchi kwataka kibali. Haijalishi kilitoka Uholanzi ama Uingereza, kama kiliingia hapa kabla ya mwaka huo kishakuwa cha hapa. Milango ya nakshi ndio zaidi, hiyo hesabu yake ni kabla ya 1946. Seti ya mawaridi ya 1962 haihusiki uza utakavyo, lakini bakuli lenu lipeleke kwanza pale makumbusho ufukweni wakalitazame, ni kutembea dakika kumi tu.

Na mimi binafsi nasema hivi, pale Mambrui kuna kaburi la nguzo lilipambwa kwa vyombo vya Kichina vya Ming, wazee wetu walijua chombo kizuri ni cha kuwekwa kikaonekana. Leo zidaka zetu tumetia chaja za simu.

Baharia_Mdogo (Mombasa)

Swali la pembeni msinicheke. Hiyo bone china si ni mifupa? Mifupa ya nani?

MzeeWaVikombe (Malindi)

Ya ng'ombe. Huchomwa mpaka ikawa jivu, karibu nusu ya udongo wote huwa ni jivu hilo, na ndio sababu ya weupe ule na kupitisha mwanga. Mambo ya hukmu waulize masheikh, mimi ni wa kuuza vikombe. Lakini ndio nafasi ya kumwambia Binti namna ya kujaribu: toka nje asubuhi, inua kikombe juani na vidole vyako viwe nyuma yake. Kama ni boni china utaviona vidole kama vivuli. Halafu kiweke kiganjani ukigonge ukingo kwa ukucha, kizima hulia tiiing na sauti ikakaa, chenye ufa hata usioonekana husema tok na kunyamaza. Kila kimoja peke yake. Mimi nilinunua seti ya watu kumi na wawili jioni kwa taa ya koroboi, asubuhi vinne vikasema tok.

Na ukimpata mnunuzi wa mbali visahani vifunge visimame kwa ubavu visilale, vikombe usivipachike kimoja ndani ya kingine hata kama kuna karatasi, fikiria ile boti ya Mokowe inavyopiga halafu basi na matuta yake.

BintiMkomani (Lamu)

Wapendwa nimerudi. Nimeosha kwa kidole kama alivyosema shangazi, nimegonga vyote, mama alikuwa amekaa na mimi kanuna kwa ajili ya D.C. lakini kikombe cha tatu kilipolia tiiing akaanza kugonga mwenyewe. Vikombe 6 vizima, visahani 6 kimoja kimesema tok, kijagi, kibakuli, sahani kubwa. Visahani vya keki 5. Jumla 20. Jamaa alipopiga simu nikamwambia seti haikuwahi kuwa na buli na mawaridi ni ya 1962, akanyamaza kidogo kisha akauliza na lile bakuli mlilotilia unga mwauza ngapi. HAPO NIKAJUA. Mzee Mungu akuweke.

Sasa hicho cha keki cha sita. Mama akakumbuka kwamba bibi alipeleka sambusa nyumba ya pili mwezi wa Ramadhani, Ramadhani ya mwaka gani hajui, na sahani haikurudi. Nikaenda nikapiga hodi, na kweli kiko, ameweka chini ya chungu cha mrehani dirishani, kizima, dhahabu tu imefifia upande mmoja. Nikamueleza kwa adabu. Yule bibi akacheka mpaka akashika ukuta akasema chukua mwanangu, chukua, mimi nilikuwa nangoja mje, manake siku ile ile nilimrudishia bibi yako tambi za sukari kwenye bakuli langu la maua, mekundu na kijani, la mamangu, na chini yake kuna mnyama kalala ana kichwa cha mtu.

Nimelitoa unga nimeliosha. Kesho nampelekea, mama asema lisiende tupu, kwa hiyo usiku huu nakanda mahamri.