Mjadala: Moyo unaolegea kwenye sepsisi, hela za umma ziende maabara au wodini?

Mwana_Gungu: Wakuu, naomba tujadili. Mgonjwa akishambuliwa na maambukizi makali (ndiyo sepsisi) mpaka presha inashuka na dripu haiipandishi, mara nyingi moyo nao unalegea. Wazungu wanalichunguza hilo maabara, kwa panya na kwa seli, zaidi ya miaka 40 sasa. Wapo wanaotaka serikali yetu nayo iingie huko. Mimi nasema kwanza wodi za Kigoma zipate oksijeni ya uhakika na mashine ya eko ya kuangalia moyo. Mnaonaje?

Fundi_Maabara_Kasulu: Napinga. Zamani ilidhaniwa moyo wa mgonjwa wa sepsisi unakosa damu. Mwaka 1984 Parker, Parrillo na wenzao kule Marekani wakaonyesha kwamba chumba cha kushoto cha moyo kinatanuka na kusukuma kwa udhaifu, halafu kwa wanaopona kinarudi hali yake ndani ya siku 7 hadi 10. Mwaka uliofuata wakachukua seramu (maji ya damu) ya wagonjwa, wakaiweka kwenye seli za moyo wa panya, zikapungua nguvu ya kujikunja. Kwa hiyo kuna kitu kwenye damu kinachoulegeza moyo. Wodini ungekijuaje? Halafu tusidanganyane, shida ya Kigoma si eko. Mtu anazungushwa kwa mganga wiki nzima, analetwa presha haisomi.

Binti_Ujiji: Hapo kwa mganga umenigusa pabaya. Mama yangu mdogo alijifungua salama, siku chache baadaye homa, mikono ya baridi, anaongea maneno yasiyoeleweka. Hakuna mganga aliyemgusa. Tulimtoa mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika kwa boti, ziwa limechafuka, tukalala kijiji cha watu tukisubiri mawimbi yatulie. Tulipofika alikuwa anahema juu juu. Usitusemee Waha na Wamanyema wote wa Kigoma kwa hadithi za vijiweni.

Mzee_Mwandiga: Pole mwanangu. Ila na wewe usikatae kila kitu, kwa mganga watu wanaenda. Hata Dar wanaenda, tena na magari.

Binti_Ujiji: Shikamoo mzee. Dar wakienda hakuna anayesema "tatizo la Dar ni waganga".

Nesi_wa_Zamu: Naomba turudi kwenye moyo. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika hapa hapa Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Matokeo yalitoka 2011. Waliopewa dripu ya kasi walikufa karibu 11 kwa kila 100 ndani ya saa 48, wasiopewa 7. Walipochambua vifo, vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuporomoka, si mapafu kujaa maji kama wengi tulivyotarajia. Zambia nao wakajaribu kwa watu wazima wenye sepsisi, dripu nyingi mapema pamoja na dawa za kupandisha presha, vifo 48 kwa 100 dhidi ya 33 kwa waliopata matibabu ya kawaida. Hayo yote yaligunduliwa wodini, kwa wagonjwa wetu, si kwa panya. Sisi tulifundishwa mgonjwa wa mshtuko, yaani presha imeporomoka, unamfungulia dripu mpaka mwisho.

Kibirizi_Boy: Kwa hiyo mlikuwa mnatuulia watoto.

Nesi_wa_Zamu: Kaka, hilo neno ulipime. Ndio mwongozo uliokuwepo dunia nzima. Wewe umeshawahi kubonyeza ukucha wa mtoto usiku, ukahesabu rangi irudi, ukafika tano haijarudi, na daktari mmoja yuko chumba cha upasuaji? Usiniite muuaji.

Fundi_Maabara_Kasulu: Dada Nesi, sasa kwa nini moyo uliporomoka? Wodi imekwambia *kwamba*, maabara ndiyo itakwambia *kwa nini*.

Mwana_Gungu: Maabara hiyo hiyo ilisema tatizo ni naitriki oksidi, gesi inayotengenezwa na mwili wenyewe na kulegeza mishipa. Wakatengeneza dawa ya kuizuia, presha zikapanda, na jaribio likasimamishwa kwa sababu vifo viliongezeka. Ripoti ni ya 2004. Panya mchanga mwenye afya, aliyetobolewa utumbo jana ili apate sepsisi, si mama aliyejifungua akiwa na malaria na upungufu wa damu.

Kibirizi_Boy: Sijamwita mtu muuaji. Nimeuliza.

Nesi_wa_Zamu: Hukuuliza. Soma ulichoandika.

Mzee_Mwandiga: Vijana, punguzeni. Mimi nataka kujua hiyo eko inagharimu kiasi gani na nani anajua kuisoma.

Mwana_Gungu: Ndilo swali, mzee. Basi nauliza upya: hela zikipatikana, tufundishe watu kupima moyo wa mgonjwa kitandani kabla na baada ya dripu, tuandike tunachoona, tuhifadhi damu ipelekwe maabara? Huo nao si utafiti?

Fundi_Maabara_Kasulu: Huo nauunga mkono, bora damu ihifadhiwe kwenye baridi ya kueleweka.

Binti_Ujiji: Na yule mama atafikaje hapo kwenye eko? Na la waganga bado hujalijibu, ndugu wa Kasulu.