Nyumba ya Jaja, Bombo (watu 23)

Anti Zamzam 18:52
Assalaam aleikum nyote. Salma ameitwa intavyu ya pili, Alhamisi saa tatu asubuhi, Nakasero. Wamebaki sita tu. Nataka mambo mawili leo leo. Jumatano alale wapi Kampala, maana akitoka hapa asubuhi jamu ya Kawempe na Bwaise itammaliza. Halafu nyinyi mliopita kwenye hizo kampuni kubwa, mwambieni mliulizwa nini.

Anti Zamzam 18:54
Na mchango. Kuna mtu wa ndani amempigia simu, anataka 250,000 za kushughulikia faili. Kila mtu 25,000. Tumeni kwenye namba yangu ileile.

Anti Zamzam 19:40
Mnasoma tu. Majina ya waliosoma nayaona.

Anko Musa 19:43
Wa aleikum salaam. Avae gomesi, hao wakubwa watasimama wenyewe 😂

Faruku 19:43
Na ule mkanda wa Jaja wa Idi 😂😂

Anko Musa 19:44
Ule unafunga hata geti

Anti Zamzam 19:44
Musa! Mtoto ana intavyu.

Mama Aisha 19:51
Nimetuma 25

Faruku 19:58
Mimi pia

Rajabu 20:15
Anti, huyo mtu wa ndani ana jina?

Anti Zamzam 20:16
Anafanya kazi hapohapo. Kamwita Salma kwa jina lake kamili.

Rajabu 20:18
Hata wa 2014 alinijua jina kamili.

Anti Zamzam 20:18
Rajabu, mambo ya ng'ombe tuliyamaliza kwenye matanga.

Rajabu 20:20
Mliyamaliza nyinyi. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Anko Musa 20:24
_Ujumbe huu umefutwa_

Habiba Ntinda 20:37
Salma mdogo wangu, samahani, ndiyo natoka kazini. Mimi hukaa na wanaouliza, basi sikia. Kila mmoja pale ana karatasi yake na anaweka alama peke yake, kisha zinajumlishwa. Kwa hiyo usimtazame mkubwa tu, hata yule kijana wa pembeni asiyesema kitu anaandika. Watakuambia "tupe mfano wa siku ulipopata shida na mteja". Hapo hawataki maoni, wanataka kisa kimoja kilichotokea kweli: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa ufanye nini, ukafanya nini, mwisho ukawaje. Na sema "nilifanya". Sisi tumelelewa kusema "tulifanya", ni adabu ya nyumbani, lakini pale anayeandika hajui akupe wewe alama au awape wenzako. Nimeona watoto wazuri wakianguka kwa neno hilo moja, roho ikaniuma.

Salma 20:40
Asante dada. Naweza kusema ile ya yule mteja aliyekataa risiti dukani?

Habiba Ntinda 20:41
Hiyohiyo. Taja hesabu ilipungua kiasi gani na uliitafuta vipi.

Rajabu 20:49
Mimi kazi niliyonayo sikumjua mtu. Kwanza mtihani wa kompyuta, asilimia na majedwali, saa inahesabu na ukishapita swali huwezi kurudi nyuma. Halafu watu wanne. Wakasema "tueleze juu yako", nikaanzia shule ya msingi. Mama wa katikati akatazama saa. Salma, anzia kazi unayofanya sasa.
Na mshahara watakuuliza. Nilisema 1,500,000 nikidhani ni za mkononi. Mwisho wa mwezi NSSF ikaondoa 75,000, kodi 352,000, nikapokea 1,073,000. Ile 10% ya mwajiri inaingia NSSF juu ya hapo, ila huigusi sasa. Uliza kwanza: kabla ya makato au baada?

Faruku 20:50
1,073,000 na harusi ya Kawempe ulichanga 20,000 😂

Mama Aisha 20:51
😂😂 nayo ilikuja baada ya ndoa

Anti Zamzam 20:53
Turudi kwenye mchango. Mpaka sasa wawili tu.

Jaja 21:06
🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Faruku 21:11
Kwa walio kazini, Jaja amesema hivi: "Ng'ombe alikuwa wangu. Sikumdai mtu, na leo simdai. Lakini pesa nyingine haitatoka nyumba hii kumpa mtu wa kwenye simu, mimi nikiwa hai. Salma aende kwa miguu yake, arudi kwa miguu yake. Musa, Ijumaa baada ya swala uje."

Anti Zamzam 21:30
Tumesikia Jaja.

Anti Zamzam 21:31
Waliotuma nitawarudishia.

Anko Musa 21:38
Nitakuja Jaja. Rajabu, nitakupigia.

Anti Zamzam 21:40
Haya, kulala. Habiba?

Habiba Ntinda 21:52
Kwangu kuna wageni wa Baba Shamim mpaka sijui lini. Labda sebuleni. Nitasema kesho.

Anko Musa 21:54
Mimi naweza kumpeleka na pikipiki, tutoke saa kumi na moja alfajiri.

Anti Zamzam 21:55
Na vumbi lote la Matugga kwenye blauzi nyeupe?

Salma 22:03
Asanteni wote. Anti, yule mtu amepiga tena sasa hivi. Nimwambie nini?

Rajabu 22:03
Usipokee. Nitumie namba yake.

Hajati Rukia 22:20
Wa aleikum salaam. Ndiyo naona sasa. Nani ameitwa intavyu?

Anti Zamzam 22:21
Habiba, kesho saa ngapi?