Naomba ushauri: mweka hazina wetu anaandika "ana" akimaanisha "hana"

Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, na taarifa zetu nyingi huandikwa kwenye kundi la WhatsApp. Mweka hazina wetu, mzee mwaminifu ambaye hesabu zake hazijawahi kupungua hata shilingi, huiacha herufi h inapotakiwa na kuiweka isipotakiwa, kama wafanyavyo watu wazima wengi siku hizi wanaoandika "uyu", "apa" na "hasante". Juma lililopita alimwandika mwanachama mmoja kuwa "ana deni", akimaanisha hana. Mama wa watu, ambaye alikwisha kulipa shilingi 50,000 zote, alilia kwa kudhani ameumbuliwa mbele ya wenzake.

Vijana humsahihisha hadharani kwa vicheko, jambo ambalo kwangu ni kumkosea adabu, hasa kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kutunza daftari. Je, nimwendee nyumbani nikamwonyeshe ujumbe wenyewe, au niombe taarifa zote za fedha zipitie kwangu kwanza? Waliowahi kumrekebisha mkubwa wao bila kumvunja moyo, naomba mnieleze mlianzaje mazungumzo.