Mount Meru: niliishia Rhino Point, nirudi tena au niachane nayo?

Mpanda_Nusu: Wakuu habari zenu. Mwaka jana mwezi wa tisa tulipanda Meru, ule mlima wa Arusha, wanne kutoka kazini. Geti la Momella mpaka kibanda cha kulala cha Miriakamba safi, nyati na twiga tumewaona, kesho yake kibanda cha Saddle, jioni tukamalizia na kile kilele kidogo cha Little Meru nikajiona mwamba. Saa nane usiku tukaanza kwenda kileleni sasa, kupita tu Rhino Point, pale juu kwenye ukingo wa kreta, njia ikashuka kwenye majabali halafu ikawa nyembamba, namulika kulia mchanga wa majivu unateremka, namulika kushoto kwenye kreta, lile shimo la volkano, tochi haigusi kitu. Magoti yakagoma, nikakaa chini kama mtoto, msaidizi wa mwongozaji akanirudisha. Wenzangu mpaka leo wananiita Rhino. Wanataka twende tena mwezi wa saba, nifanyeje?

Kijana wa Ngarenaro: Baki huku town mkuu, Meru inaonekana vizuri tu na haina kiingilio 😂

mamaNaserian: Pole kaka. Kabla hatujasema woga, kichwa kilikuwaje? Ulikula?

Mpanda_Nusu: Dada kichwa kilikuwa kinagonga tangu Saddle, uji ulinishinda, nikameza panadol nikanyamaza wasinicheke.

mamaNaserian: Ehee. Saddle ni kama mita 3,570 hapo, hewa imeshapungua, hujala, miguu itaacha kutetemeka? Ukinyamaza unamficha mwongozaji kitu anachotakiwa kujua. Kichwa kikizidi au ukianza kutapika ni kushuka, hakuna cha panadol.

Mgumu Mstaafu: Nimebeba mizigo ule mlima miaka. Ngoja nikwambie kitu ambacho wengi hawasemi, usiku ni afadhali maana unaona viatu vya aliye mbele yako tu, shughuli ni kurudi asubuhi jua limetoka, pale kati ya kilele na Cobra Point, kituo cha juu zaidi ya Rhino Point, unaona ukuta wa kreta wote mpaka chini kwenye kile kilima cha majivu, zaidi ya kilometa moja hiyo. Nimeona wababe wanashuka kwa makalio. Mikono iwe mitupu kwenye majabali, fimbo mpe mwenzako, na usitembee huku unapiga picha. Pia jambo la askari wa hifadhi mwenye bunduki anayewasindikiza, mnaweza kuwa mnachangia na kundi jingine, kwahiyo geti pale Momella ulizeni kabisa, mmoja akikwama nani anarudi naye. Na chukueni siku 4, siku ya tatu mnalala Miriakamba, ile ya siku 3 unatoka kileleni mita 4,562 unashuka mpaka geti siku hiyohiyo, magoti gani hayo?

Kijana wa Ngarenaro: Yaani magoti yake yaliyogoma ndo yashuke hivyo 😂😂 ila mzee kaongea.

Mpanda_Nusu: Shukrani mzee wangu. Tatizo wenzangu wameshalipia nusu, na ni ya siku 3.

Mgumu Mstaafu: Ongezeni hela.