Taa ya ABS imerudi baada ya kubadilisha sensa: naombeni ushauri

Dereva wa Uyole
Habari zenu ndugu zangu. Husafiri mara kwa mara kati ya Mbeya na Tukuyu, na taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki) huwaka ninapokata kona kali, hasa mvua ikinyesha, kisha huzimika nikizima gari na kuliwasha upya. Mashine ya kupimia ilitaja sensa ya gurudumu la mbele kushoto, ile inayosoma kasi ya gurudumu. Fundi aliibadilisha, lakini taa imerudi, na sasa anataka ninunue boksi zima la ABS. Je, nikubali? Je, ni salama kuteremka kuelekea Kiwira katika hali hii?

Fundi Umeme, Makambako
Ndugu, usinunue boksi kwanza. Mashine haikusema kwamba sensa imekufa. Ilisema kwamba kompyuta ya ABS haipati taarifa sahihi za gurudumu hilo, na kati yake na gurudumu kuna waya, plagi na pete yenye meno inayosomwa na sensa, ambavyo chochote kati ya hivyo chaweza kuharibu taarifa. Kwa kuwa taa huwaka kwenye kona, mimi ningeanza na waya, maana nyuma ya gurudumu la mbele hujikunja kila usukani unapozungushwa, hadi nyuzi za shaba zikakatika ndani huku ganda la nje likiwa zima.

Fundi azime swichi, achomoe plagi ya kompyuta ya ABS, kisha apime omu (ukinzani wa umeme) za gurudumu hilo kuanzia hapo, wala si kwenye sensa yenyewe, huku msaidizi akizungusha usukani mwisho hadi mwisho na kuutikisa waya. Namba ikirukaruka, hitilafu imepatikana. Kipimo hiki ni cha sensa za koili, yaani za aina ya zamani, ambazo nyingi husoma omu elfu moja hivi. Linganisheni na gurudumu la kulia. Mvua nayo inanifanya niishuku plagi, kwa hiyo ifunguliwe, na ikiwa na kutu ya kijani isafishwe.

Mwenyeji wa Iringa
Waya ukiwa mzima, inueni gurudumu mlitikise. Beringi iliyolegea hubadilisha nafasi kati ya sensa na meno, na hilo hujitokeza zaidi kwenye kona. Kuhusu mteremko, taa ya njano ikiwaka peke yake breki za kawaida zipo, ila magurudumu yanaweza kujifunga kwenye utelezi. Shuka kwa gia nzito. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pamoja nayo, usiteremke Kiwira wala Kitonga kabla gari halijakaguliwa.

Dereva wa Uyole
Nashukuru sana. Sensa yangu ina waya mbili; je, hiyo ni ya koili?

Fundi Umeme, Makambako
Si lazima, kwani nyingi za aina mpya, zinazotumia umeme wa gari, nazo zina waya mbili. Chomoeni plagi ya sensa, washeni swichi, mpime volti upande wa gari: zikikaribia za betri, ni ya aina mpya, na omu zake hazitawaambia kitu.