Mrejesho: Wi-Fi ya OpenBSD imekubali, Bluetooth imeshindikana

Wakuu, niliwauliza kwa nini kompyuta mpakato yangu haikuiona Wi-Fi baada ya kuwekewa mfumo endeshi wa OpenBSD hapa Mikindani. Nawashukuru kwa dhati. Nilifuata ushauri wa kuunganisha simu kwa waya wa USB na kugawa bando. Urndis0, yaani jina ambalo mfumo huupa muunganisho wa simu kwa USB, ikajitokeza, nikaandika amri «ifconfig urndis0 inet autoconf», kisha amri ya fw_update ikapakua famuweya (programu ndogo inayoendesha kifaa) ya kadi yangu ya Wi-Fi ya Intel, inayotumia kiendeshi cha iwm. Famuweya hiyo kwa sababu za leseni haimo ndani ya mfumo wenyewe. Nilipoiwasha upya kompyuta, mtandao wa nyumbani ukaonekana, nami nilifurahi mno.

Spika ya Bluetooth imegoma, kwa kuwa OpenBSD iliondoa Bluetooth mwaka 2014. Ushauri wa kubadilisha mipangilio haukusaidia, hivyo natumia spika ya waya.